Doa Jekundu Kwenye Bango

Nilisoma uchoraji wa matangazo kwa mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo umenikaa mwilini kuliko miaka yote ya shule iliyoutangulia. Siku hizi vijana wanauita usanifu wa michoro na wanaufanya kwenye kompyuta. Sisi tuliuita sanaa ya biashara, tukaufanya kwa brashi, wembe na gundi, katika chumba kirefu chenye madirisha makubwa juu ya kilima kimoja cha Kampala. Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao Wahindi walifukuzwa. Maduka mjini yalikuwa yamepata wenyewe wapya, sukari imeadimika, na watu walikuwa wamejifunza kuzungumza huku jicho moja likitazama mlango.

Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, mtu wa Arua, upande ule ule alikotoka rais. Mama yangu alikuwa Mnubi wa Bombo. Katika nyumba yetu ya kambini, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sote. Mama alikuwa akisuka mikeka na vifuniko vya sinia vya rangi kali, na nadhani ndiko nilikojifunza kwamba nyekundu ikikaa karibu na kijani zinapigana. Nilipomwambia baba kwamba nimepata nafasi chuoni, alifikiri kidogo akiwa anapiga mkanda wake rangi ya viatu.

"Mwandika vibao hakosi kazi," alisema. "Hata serikali ikianguka, kibao kinaandikwa upya."

"Shusha sauti," mama akamwambia. "Kuta hizi ni za mabati."

Siku ya kwanza darasani msichana mmoja wa Kasubi aliangusha kopo la rangi, nami nikasema, "Pole, dada." Vichwa vyote vikageuka. Yule msichana aliokota kopo lake bila kunitazama, akahamia meza ya mbali. Sikuelewa mara moja. Wenzangu wengi walikuwa Waganda, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: simama, toka, fungua, lala chini. Mimi nilikuwa nimebembelezwa kwa lugha hiyo hiyo nikiwa mgongoni mwa mama. Tangu siku hiyo nilijitahidi kusema Kiingereza na Luganda changu cha sokoni, lakini neno moja lilikuwa limekwisha nitoka, na lilitosha. Nikiingia, mazungumzo yalibadilika. Mtu alianza ghafla kuzungumzia mvua.

Mwalimu wetu wa herufi hakuniogopa, au kama aliniogopa alijua kuficha. Alikuwa Muganda wa makamo, mwembamba, mwenye koti la kazi lililokakamaa kwa rangi kavu. Aliniita "nnyabo" kama alivyowaita wasichana wengine, neno la heshima ambalo kwao humfaa mwanamke yeyote. Muhula mzima wa kwanza hakutufundisha kitu kingine ila herufi. Tulichora A mpaka mikono ikauma. Alikuwa akipita nyuma yetu, anainama, anaweka kidole kati ya herufi mbili.

"Hapa pana pumzi nyingi mno," alisema. "Na hapa hapana kabisa. Huyu amebanwa."

Nilipenda kazi ile. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu watu hudhani kwamba katika miaka ya namna hiyo hapakuwa na raha. Kulikuwa na asubuhi nzima ambazo sikufikiria kitu ila ukingo wa herufi R. Kisha gari lingepita chini ya kilima kwa kasi, sote tungeinua vichwa kwa pamoja, tungesubiri lipotee, na ndipo tungeinamia karatasi tena.

Muhula wa pili rangi zilianza kuisha. Waliokuwa wakiziagiza kutoka nje walikuwa wameondoka, na waliopewa maduka yao hawakujua zinaagizwa wapi. Tulitembea mpaka Katwe kuomba mabaki kwa mafundi wanaopaka milango ya chuma, tukarudi na rangi mbili: kijivu na nyekundu. Ndipo chuo kikaamua kutupeleka mjini kuandika vibao vya maduka, maana mwenye duka ndiye aliyepaswa kutafuta rangi. Tuliambiwa ni sehemu ya mafunzo.

Duka letu la kwanza lilikuwa la vitambaa. Mwenye nalo mpya alikuwa kapteni wa jeshi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Hakupenda kusema Kiingereza, na mwalimu hakujua Kiswahili zaidi ya maamkizi, kwa hiyo nikasukumwa mbele. Juu ya mlango jina la ukoo wa Kihindi lilikuwa limechongwa ndani ya saruji, si la kupakwa. Mwalimu alinituma nimweleze kwamba rangi haiwezi kulificha. Litaonekana kila jua likipiga upande.

"Basi toa," kapteni akasema. "Piga nyundo."

Tulipiga nyundo siku nzima. Vumbi la saruji lilitujaa puani. Yule msichana wa Kasubi alikuwa upande wa pili wa ngazi yangu, na tulipofika herufi ya mwisho niliona machozi yamechora mistari katika vumbi la uso wake. Baadaye aliniambia kwamba binti wa nyumba ile alikuwa amesoma naye shule ya msingi.

Tulipomaliza, kapteni alitoka nje kutazama. Akaniuliza, "Wewe iko mtoto ya nani? Kiswahili yako ni ya nyumbani."

"Baba yangu ni polisi, afande."

"Kabila?"

Nikamwambia. Akatabasamu, akanigusa bega. "Kumbe wewe ni yetu," alisema.

Wenzangu walisikia. Neno hilo hata asiyejua Kiswahili angelielewa kwa jinsi lilivyosemwa. Njiani kurudi chuoni nilitembea peke yangu mbele, na nyuma yangu hakukuwa na sauti ila ya viatu. Kisha yule msichana wa Kasubi akaja akawa sambamba nami. Alibeba upande mmoja wa ndoo yangu ya brashi mpaka tukafika. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Sherehe kubwa ya serikali ilipokaribia, kapteni yule yule alikuja chuoni. Sasa alikuwa amepewa jukumu la mapambo ya mji. Alitaka mabango ya rais: uso, kofia, nishani, na bendera nyuma yake. Aliyataka upesi, na wino wa rangi zote angeuleta yeye. Mkuu wa chuo alimsindikiza akitembea hatua moja nyuma, na mwalimu akaitikia kwa kichwa, maana hakuna aliyekuwa akiuliza kama tunataka.

Tuliyachapa kwa hariri. Ni kazi rahisi kuieleza. Kitambaa chembamba huwambwa kwenye fremu ya mbao, na pale pasipotakiwa wino panazibwa kwa gundi. Kisha wino huburutwa juu yake kwa ubao wenye ukingo wa mpira, nao hupenya pale palipoachwa wazi na kushuka kwenye karatasi. Kila rangi huwa na fremu yake. Gundi ikikaukia juu ya chembe ya vumbi, hubaki kitundu kidogo kama cha pini, na kila karatasi inayopita chini yake hupata doa mahali pale pale. Kila mchapaji anavijua vitundu hivyo. Kwa kawaida unavipaka gundi kwa ncha ya brashi, unaendelea na kazi.

Fremu ya nyekundu ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa ya bendera na tepe za nishani. Tulichapa asubuhi yote kwa haraka, wengine wakiburuta wino, wengine wakianika karatasi kwenye kamba. Lori la jeshi lilikuja likachukua fungu lililokauka. Mchana nilikuwa nikipita kati ya kamba, nyuso zikiwa zimening'inia kulia na kushoto, ndipo nikaliona. Katikati ya paji la uso, juu kidogo ya nyusi, kulikuwa na doa jekundu la mviringo. Nikatazama karatasi ya pili, ya tatu, ya mwisho wa kamba. Zote zilikuwa nalo.

Nilimwita mwalimu kwa mkono. Alikuja, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza taratibu.

"Mimi tu."

"Funga mlango."

Tuliziteremsha zote. Mwalimu alichanganya kahawia ya ngozi na kutugawia brashi ndogo, na darasa zima likainama likiziba mapaji ya nyuso. Hakuna aliyeuliza tunaziba nini. Rafiki yangu wa Kasubi alirudia mara mbili kila karatasi aliyoimaliza. Lakini lile fungu la kwanza lilikuwa limekwenda, na tulipotazama dirishani hatukuona ila barabara inayoshuka mjini.

Kapteni alikuja kesho yake na askari wawili waliovaa kiraia, mashati ya maua na miwani myeusi. Alikuwa na bango moja limekunjwa kama gazeti. Sauti yake ilikuwa ya upole vile vile, ila mashavu yake yalikuwa yamepauka. Nikatambua kwamba mtu huyu mwenyewe alikuwa ametoka kuulizwa maswali mahali fulani. Hilo lilinitisha kuliko bunduki.

Alilikunjua bango juu ya meza. "Muulize mwalimu yako," aliniambia. "Nani alitoboa kichwa ya Mzee?"

Nilitafsiri kwa Kiingereza. Nilisikia sauti yangu ikilegeza maneno, ikiondoa ile "toboa" na kuweka "doa hili limetoka wapi." Mwalimu alijibu akimtazama kapteni, si mimi.

"Mwambie ni vumbi. Chembe ya vumbi ilikaa kwenye gundi. Mwambie fremu niliitengeneza mimi, wanafunzi hawakuigusa."

Haikuwa kweli. Fremu ile tuliitengeneza sote kwa zamu, na hakuna hata leo anayejua vumbi lile liliingia kwa mkono wa nani. Nilisita. Mwalimu akanitazama mara moja tu, nami nikatafsiri kama alivyosema.

"Vumbi," kapteni akarudia. Akaweka kidole juu ya lile doa. "Mji yote iko na vumbi. Kwa nini inakuja hapa? Vumbi inajua kichwa ya mkubwa iko wapi?"

Nikamwomba ruhusa nimwonyeshe. Nilileta fremu kuukuu ya bango la kuchemsha maji ya kunywa, lililochapwa na wanafunzi wa mwaka uliopita, nikaiinua dirishani. Mwanga ulipita kwenye vitundu kama nyota. Kisha nikamwonyesha bango lenyewe: doa kwenye sufuria, doa kwenye pua ya mtoto, doa kwenye sikio la mama. "Linakaa popote, afande," nilisema. "Halichagui."

Alilitazama bango lile kwa muda. Halafu akacheka, na wale wawili wakacheka kwa kuwa yeye amecheka, na kwa pumzi moja nilidhani yamekwisha.

"Nzuri sana," alisema. "Sasa mwalimu anakuja na sisi, anaeleza wakubwa hivyo hivyo."

Mwalimu hakungoja nitafsiri. Alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavua koti la kazi na kulitundika. Akatuambia kwa Luganda tusiache brashi zikaukie wino. Kisha akatoka katikati ya wale wawili, akaingizwa kiti cha nyuma cha gari, na gari likashuka kilima bila haraka yoyote.

Baba alikuwa anakula nilipomwambia. Aliacha kula.

"Wewe umesema nini? Nieleze kila neno."

Nilimweleza. Alisikiliza kama askari anayechukua maelezo, kisha akasema, "Mimi navaa nguo ya serikali, lakini mdomo sina. Jeshi likichukua mtu, polisi anaangalia miguu yake mwenyewe."

Hata hivyo, asubuhi alivaa sare yake iliyopigwa pasi vizuri kuliko siku nyingine, akaenda kuuliza. Alirudi mapema mno. Hakuketi. "Usiniulize nimeambiwa nini," alisema. "Ila nimeulizwa mimi ninaishi wapi, na nina watoto wangapi. Walikuwa wanajua tayari."

Mke wa mwalimu alianza kuja chuoni. Alikaa kwenye benchi la nje akiwa amevaa gomesi safi, vazi refu la heshima la Waganda, mkoba wake mapajani, kana kwamba ana miadi. Walimu wengine walipita upande wa pili wa jengo ili wasimsalimu. Siku moja rafiki yangu alimpelekea chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kikombe kikabaki hapo kimejaa mpaka chai ikaganda ngozi juu.

Sikuweza kuendelea kulitazama benchi lile. Nilimwambia rafiki yangu nakwenda kwa kapteni dukani kwake, mchana, watu wakiona.

"Utasema nini?" aliniuliza.

"Sijui. Yeye ndiye aliyesema mimi ni wao."

Alinisindikiza. Alisimama ng'ambo ya barabara chini ya baraza, tukakubaliana kwamba nikikawia aende kambini kwa baba. Dukani rafu zilikuwa karibu tupu. Majora machache ya kitambaa cha shuka, na vumbi. Kapteni alikuwa amekaa nyuma ya kaunta akinywa soda.

"Afande," nilisema, "nimekuja kumwombea mwalimu wetu."

"Unaomba kama nani? Mwanafunzi?"

"Kama mtoto wa kambini, afande."

Jibu hilo lilimpendeza. Aliniangalia kwa namna ambayo nilitamani ningekuwa nimevaa koti. "Hawa watu hawatupendi sisi," alisema. "Unajua? Wanatucheka Kiswahili yetu. Na wewe unakuja kuombea yeye."

"Ni mwalimu wangu, afande. Hajawahi kunicheka."

Alimaliza soda yake. "Nitaangalia," alisema mwishowe. "Lakini na wewe utakumbuka mimi."

Mwalimu alirudi kabla ya mitihani. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, na sikio moja halikusikia vizuri tena. Hakueleza alikokuwa, na sisi hatukuuliza. Tulisimama wote alipoingia, naye akatupungia mkono tukae. Jambo la kwanza alilofanya ni kusogeza meza yake mpaka ukutani, ili nyuma yake pasiwe na mtu. Kisha akapita kati yetu kama zamani. Aliponifikia mimi aliinama juu ya karatasi yangu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyostahili.

"Ulikwenda kwa mtu yule," alisema kwa Kiingereza, taratibu.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nnyabo, asante. Na sasa uondoke. Maliza mtihani, uondoke."

Alikuwa ameliona kabla yangu. Wiki ile ile gari la kapteni likaanza kuegeshwa langoni. Mara ya kwanza alileta kilo ya sukari, akaniambia nimpelekee mama. Mara ya pili alisema kuna ofisi inahitaji mchoraji anayejua Kiswahili, na nyumba Ntinda yenye vyumba vingi, ambamo mchoraji huyo angeweza kukaa. Hakunigusa. Alisema mambo hayo akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, injini inanguruma. Wanafunzi wenzangu, ambao walikuwa wameanza kunizoea, waliniangalia sasa kama watu wanaomwangalia mgonjwa.

Sukari ile mama hakuifungua. Aliiweka mezani, baba akaja akaikuta.

"Imetoka wapi?"

Mama akamwambia. Baba alikaa akiitazama, kofia bado kichwani. Nilitegemea hasira, lakini aliponigeukia nilimwona mtu aliyechoka.

"Huyu nikimkatalia, ananimaliza," alisema. "Nikimkubalia, anakumaliza wewe. Dawa ni asikukute."

Mama alikuwa na dada yake Kibera, Nairobi, katika Wanubi wa kule. Wakaamua hapo hapo. Nilifanya mtihani wangu wa mwisho, ambao ulikuwa kuchora bango la usalama barabarani, na sikungoja matokeo. Mtu pekee niliyemuaga ni rafiki yangu wa Kasubi. Hatukukumbatiana, kwa sababu lango lilikuwa linaonekana kutoka pale. Aliniambia tu, "Weeraba," kwa Luganda, kwaheri ya kawaida kama ya watu watakaoonana kesho, nami nikamjibu hivyo hivyo.

Yeye mwenyewe alivuka mpaka miaka michache baadaye, akanitafuta Kibera mpaka akanipata, na ndiye aliyenipa habari za nyuma. Kapteni alikuja kuniulizia. Mwalimu alimjibu kwa ishara kwamba haelewi. Darasa zima likadai halielewi, na hakupatikana hata mmoja wa kutafsiri. Alirudi mara mbili tatu, kisha hakuonekana tena. Ilisemekana kosa jingine lilimpata huko juu, na duka likapewa mtu mwingine. Mwalimu, kama tulivyosikia baadaye, aliendelea kufundisha, akazeeka, akafa kitandani kwake. Baba hakupata bahati hiyo. Vita vilipofika Kampala alivua sare, akaanza safari ya kwenda kwao Arua, na hatukupata kujua ni wapi njiani safari ile ilipokatika.

Asubuhi niliyoondoka baba ndiye aliyenipeleka kituo cha basi, akiwa amevaa kiraia, jambo ambalo sikuwa nimelizoea. Alinitafutia kiti upande usio na jua. Akanunua ndizi za kuchoma, akanipa zote. Akalisukuma sanduku langu chini ya kiti.

"Mpakani watakuuliza unakwenda wapi," alisema. "Jibu fupi. Usiwape hadithi."

Mpakani waliniuliza. Alikuwa askari mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipekua sanduku langu, akainua brashi zangu, akazinusa.

"Hii ni ya nini?"

"Kupaka rangi nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya dada yake mama, afande."

Alizigeuza geuza. Nyuma yangu mtoto mmoja aliyekuwa akilia alizibwa mdomo kwa kiganja. Kisha akazitupa sandukuni, akapiga kifuniko kwa teke kikajifunga, akasema, "Pita." Nilipita. Nilitembea bila kukimbia kati ya vizuizi viwili, jua la mchana likiwa utosini, mgongo wangu wote ukisikiliza, na sikugeuka hata nilipofika upande wa pili ambako mtu aliyekuwa akiuza machungwa aliniuliza kwa Kiswahili kama ningependa kukaa.

Nilikaa. Nikamshukuru kwa Kiswahili, bila kushusha sauti.